Kidato cha Tano au Astashahada ya Sheria? Ulinganisho kwa Wahitimu wa Kidato cha Nne wa Mtwara na Lindi

Sekondari zetu hazina somo linaloitwa Sheria. Mwanafunzi wa Newala au Kilwa anayetaka kuwa wakili hukutana na mahakama kwenye Uraia tu, anaposoma mihimili ya dola, Katiba ya 1977 na haki za binadamu. Anajifunza kwamba Mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki (ibara ya 107A), anaorodhesha kazi za hakimu, mtihani unapita. Uamuzi wenyewe unamkuta Januari, matokeo ya kidato cha nne yakitoka: aendelee na kidato cha tano achukue HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), au akaanze astashahada ya sheria chuoni?

Msimamo wetu tuuseme mapema. Mwenye krediti tatu au zaidi, na Kiingereza kikiwa mojawapo, aende kidato cha tano. Astashahada inamfaa aliyekosa krediti hizo, au anayetaka kuanza na kazi za masijala na ofisi za mawakili, joho lije baadaye. Yapo mazingira ambamo ushauri huu haushiki, nayo tutayataja.

| | Kidato cha tano na sita | Astashahada, kisha stashahada |
|---|---|---|
| Sifa ya kuingia | Krediti (A, B au C) tatu, pointi zisizidi 25 kwa masomo saba | Ufaulu (D kwenda juu) wa masomo manne yasiyo ya dini |
| Muda | Miaka 2 | Mwaka 1, halafu miaka 2 |
| Ada | Haipo shule za serikali tangu 2022 | Hulipwa kila mwaka |
| Sheria yenyewe | Karibu hakuna | Tangu wiki ya kwanza |
| Kuingia shahada | Prinsipo (ufaulu wa A hadi E) mbili zenye jumla ya pointi 4.0 | GPA (wastani wa alama za chuo) 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne |
| Ukiishia katikati | Cheti cha kidato cha sita | Cheti cha fani |

Wengi hukimbilia astashahada wakidhani ni njia ya mkato. Hesabu haisemi hivyo. Aliyemaliza kidato cha nne Novemba 2025 anaanza kidato cha tano Julai 2026, anafanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2028, pengine anaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na Oktoba au Novemba 2028 yuko chuo kikuu. Mwenzake aliyeanza astashahada Oktoba 2026 anaimaliza 2027, stashahada inamfikisha 2029, ndipo aombe shahada. Amechelewa mwaka mzima, na miaka yote hiyo mitatu ameilipia. Kuanzia hapo njia ni moja: shahada ya sheria miaka mitatu au minne kutegemea chuo, kisha mwaka mmoja wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo jijini Dar es Salaam, ile ambayo kila mtu anaiita Law School. Baada ya hapo ndipo mtu anaomba kuapishwa kuwa wakili.

Darasani kuna nini

Tofauti kubwa ya njia hizi mbili iko kwenye aina ya swali unaloulizwa. Chukua jambo ambalo mtoto yeyote wa Tandahimba analijua: kangomba. Mnunuzi anampa mkulima fedha mwezi wa saba, wakati mikorosho bado haijazaa, kwa makubaliano kwamba msimu ukifika atapimiwa korosho kwa bakuli, nje ya ghala na nje ya mnada. Msimu unafika, korosho zinakuwa chache, mkulima anaziuza kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mnunuzi anataka kwenda mahakamani.

Kwenye mdahalo wa shule, mwanafunzi atasema kangomba ni dhuluma, inamnyonya mkulima, serikali imeipiga marufuku. Atapigiwa makofi, na amesema kweli. Kwenye karatasi ya sheria ya mikataba jibu hilo halimfikishi popote. Anatakiwa kwanza ataje suala: je, makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria yanaweza kudaiwa mahakamani? Pili, alete kifungu: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10 kinachoeleza makubaliano yapi ni mkataba, na cha 23 kinachosema lengo au malipo yakiwa haramu, makubaliano ni batili. Tatu, akipitishe kifungu juu ya ukweli wa kesi hii: nani alitoa nini, lini, na marufuku inagusa sehemu ipi ya makubaliano. Mwisho ndipo ahitimishe. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwenye hatua ya tatu, kwa sababu wanaruka kutoka kwenye kifungu moja kwa moja hadi hitimisho.

Astashahada inakuingiza kwenye maswali ya namna hiyo mapema. Kwa kawaida utakuta misingi ya sheria, jinai, mikataba, mwenendo wa mashauri, kompyuta na stadi za mawasiliano. Chuo kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, mkoani Tanga, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1998. Vipo pia vyuo vikuu vinavyofundisha ngazi hiyo. Kidato cha tano na sita hakikupi hayo. Kinakupa miaka miwili ya kuandika insha ndefu za historia kwa Kiingereza, kusoma maandishi magumu na kujenga hoja yenye ushahidi. Kwa mwanafunzi wa shahada mazoezi hayo yana thamani kuliko kukariri vifungu mapema, ingawa tunajua walimu wa vyuo vya kati hawatakubaliana nasi.

Kiingereza ndicho kinachoamua

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani. Basi mwanafunzi mwenye D ya Kiingereza anajiambia kwamba lugha haina shida tena. Ina shida. Shahada inafundishwa kwa Kiingereza, astashahada na stashahada vilevile, na hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ambazo mwanafunzi lazima azisome zimeandikwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi. Kwenda chuo cha kati hakukuepushi na lugha hiyo. Kunakufanya ukutane nayo mapema tu, tena bila miaka miwili ya maandalizi.

Kipo kipimo ambacho hakigharimu zaidi ya bando la siku moja. Fungua TanzLII, hazina ya mtandaoni ambako hukumu zinasomwa bure, tafuta hukumu fupi ya Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara. Chagua ya mgogoro wa ardhi au ya rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya, isizidi kurasa kumi. Isome kwa saa mbili, kisha funga simu uandike ukurasa mmoja: nini kilitokea, mahakama iliulizwa nini, ikaamua nini, kwa sababu gani. Ukiweza sehemu ya nne, Kiingereza chako kinatosha kuanzia. Ukiishia ya kwanza na ya tatu, unahitaji kidato cha tano zaidi kuliko unavyodhani. Na ukihitaji kamusi kila mstari, fikiria kurudia mtihani wa Kiingereza kama mtahiniwa wa kujitegemea kabla ya kulipa ada popote.

Kipimo cha pili ni kukaa asubuhi moja kwenye mahakama ya wazi. Mashauri kwa kawaida husikilizwa hadharani, isipokuwa yale ya faragha kama ya watoto na ya makosa ya kujamiiana. Nenda saa mbili na nusu, vaa kwa heshima, zima simu, muulize karani ni chumba kipi kinasikiliza nini. Kinachowashangaza vijana ni kwamba mashauri mengi ya siku hiyo yanatajwa tu: karani anaita namba, wahusika wanasimama, shahidi hajaja, tarehe nyingine inapangwa, wanatoka. Aliyetegemea kelele na hoja za kwenye tamthilia huchoka ndani ya saa moja. Anayebaki akijiuliza kwa nini shahidi hakuja na upande gani unafaidika na kuahirishwa, huyo ana damu ya kazi hii.

Fedha, na msimu inapopatikana

Ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali ilifutwa 2022. Kilichobaki si kidogo: nauli, sare, godoro, ndoo, shuka, kwanja, rimu za karatasi, michango iliyoorodheshwa kwenye fomu ya kujiunga. Upangaji ni wa kitaifa. Kijana wa Masasi anaweza kubahatika akapangwa Ndanda au Chidya, lakini anaweza pia kupelekwa Kigoma. Weka nauli ya mbali kwenye bajeti, ukipangwa karibu utashukuru.

Tatizo la kusini ni kalenda. Kidato cha tano hufunguliwa Julai. Kwa familia inayotegemea korosho, Julai ndio mwezi mkavu kuliko yote: fedha ya msimu uliopita imekwisha, na iliyobaki inaingia kwenye kupalilia na kupulizia mikorosho. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo yanapitia chama kwenda benki, kwa hiyo mkulima hashiki fedha siku ya mnada. Familia za ufuta, hasa za Lindi, zina nafuu kwa sababu ufuta huuzwa katikati ya mwaka. Kwa mzazi wa korosho tupu, dawa ni kununua vitu vya bweni Desemba, kabla hata matokeo hayajatoka. Godoro haliozi. Anayesubiri majina ndipo atafute fedha huchelewa kuripoti, na nafasi ya asiyeripoti ndani ya muda uliowekwa hupewa mwingine.

Astashahada ina kalenda inayomfaa mkulima wa korosho, maana vyuo vingi hufungua Septemba hadi Novemba na hupokea ada kwa awamu. Hapa ndipo ushauri wetu wa mwanzo unapolegea: familia ambayo kweli haina kitu Julai lakini ina ekari za kutosha, inaweza kuona njia ya chuo ni rahisi kuilipia japo jumla yake ni kubwa. Ila piga hesabu ya mwaka mzima. Ada ni sehemu tu, na juu yake kuna mitihani, kitambulisho, bima ya afya, hosteli na mafunzo kwa vitendo. Chakula pekee, tuseme Sh 5,000 kwa siku kwa wiki 34, ni Sh 1,190,000. Mikopo ya stashahada iliyoanza 2023/24 ilielekezwa kwenye fani za kipaumbele kama afya, ualimu na usafirishaji, sheria haikuwamo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo unauombea ukifika shahada, si kabla.

Safari nayo ni gharama. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, halafu Dar hadi Mombo, kisha mlima hadi Lushoto. Hesabu siku mbili. Ukisafiri Aprili au Mei acha siku ya ziada, maana Mei 2024 mvua zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga na mabasi yakakwama. Na beba sweta zito. Aliyekulia joto la Mikindani haijui baridi ya Usambara.

Kombi

Ukichagua kidato cha tano bado kuna swali la tahasusi, kombi kama wanafunzi wenyewe wanavyoiita. Hakuna kombi ya sheria. Vyuo vingi hukubali orodha ndefu ya masomo, na baadhi huongeza sharti la alama ya Kiingereza kwa ambaye hakukisoma kidato cha tano na sita. Kwa sababu hiyo L, yaani Kiingereza, ina faida.

HKL ina uandishi mwingi kuliko zote na haina hesabu. Kasoro yake inajitokeza sheria ikishindikana: mlango ulio wazi zaidi ni ualimu. HGL ina Jiografia, yenye ramani, takwimu na upimaji, kwa hiyo anayechukia namba asijidanganye kwamba ni kombi ya maneno matupu, lakini inaacha wazi milango ya ardhi, mipango na mazingira. HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) inamfaa mwenye nia ya sheria za biashara au kodi. Wanaoichukua hubeba pia hesabu za ziada za BAM, na kwa kuwa haina Kiingereza, alama ya kidato cha nne ndiyo itakayowasemea. Kati ya hizo tunaipendelea HGL. Usichague kombi kwa sababu shule fulani iko karibu na nyumbani, maana kombi zinazotolewa kila shule hubadilika.

Kombi hujazwa kwenye mfumo wa Selform kabla ya mtihani wa kidato cha nne, na matokeo yakishatoka dirisha hufunguliwa tena kwa muda kubadilisha. Wengi hawajui kuhusu dirisha hilo. Mwanafunzi aliyejaza CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) kwa shinikizo la nyumbani, kisha akapata B ya Historia na B ya Kiingereza, anaweza kurekebisha akiwahi. Akilala, mfumo utampanga alivyojaza.

Kila njia inapokwamia

Kwa kidato cha sita, kiwango cha chini cha kitaifa ni prinsipo mbili zenye pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinafika, C na E zinafika. Shahada ya sheria kwenye vyuo vinavyogombewa huhitaji zaidi ya hapo, kwa hiyo mwenye 4.0 kavu aombe vyuo kadhaa kwa mpigo, asiweke chuo kimoja kikubwa akasubiri.

Kwa stashahada, hatari imejificha zaidi. Kuingia shahada unatakiwa uwe na GPA ya 3.0. Mwenye 2.0 hadi 2.9 amefaulu, amepewa cheti, amepigwa picha na wazazi, lakini mlango wa shahada hausogei. Njia iliyobaki ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kina vituo Mtwara na Lindi. GPA haijengwi muhula wa mwisho. Anayeanza stashahada kwa C nyingi anajikuta anatafuta A ambazo hazipo.

Halafu kuna Law School, inayowasubiri wa njia zote mbili. Mwaka 2022 matokeo yake yalizua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 waliondolewa. Serikali iliunda kamati kuchunguza. Mzazi anayeambiwa kwamba sheria ni miaka minne tu azijue namba hizo, na familia iweke akiba ya mwaka huo wa mwisho.

Kazi unayoweza kuomba ukiwa umefika wapi

Ukiwa na astashahada au stashahada unaweza kuomba kazi za ukarani na kumbukumbu, au kusaidia kwenye ofisi ya wakili: kufungua majalada, kufuatilia tarehe, kuskani nyaraka na kuziingiza kwenye mfumo wa kielektroniki wa mashauri. Kasi ya kuchapa na nidhamu ya faili vinatazamwa sana kuliko ufasaha wa kusema. Huwezi kusimama mahakamani kama wakili, na uhakimu mkazi unataka shahada pamoja na Law School. Msaidizi wa kisheria anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, lakini kazi yake ni kuelimisha na kuelekeza watu, si kumwakilisha mtu mahakamani.

Kidato cha sita peke yake hakina ajira ya sheria. Anayeishia hapo ana cheti cha jumla, na kwa familia inayohitaji mtu wa kuingiza kipato ndani ya miaka mitatu, hiyo ni sababu halali ya kuchagua chuo.

Karatasi zinazochelewesha

Majina ndiyo yanayoumiza wengi huku kwetu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi Mohamedi, cha kidato cha nne kinasema Said Mohamed, kitambulisho cha mzazi kina jina la babu. Bodi ya Mikopo huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na tofauti ya herufi moja inatosha kukwamisha maombi. Kagua kabla ya kusajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, wakati jina bado linaweza kusahihishwa shuleni. Baada ya cheti kutoka ni safari ya kiapo na wakili.

Anayechagua chuo ahakikishe kwanza kwamba NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, limekisajili, na kwamba programu ya sheria yenyewe imo kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huo. Chuo kinaweza kuwa halali kwa uhasibu na kisiwe na kibali cha sheria. Akimaliza stashahada anahitaji namba ya uhakiki, AVN, ndipo mfumo wa chuo kikuu umpokee. Namba hiyo haitoki kama chuo hakijawasilisha matokeo NACTVET, kwa hiyo aanze kuulizia ofisi ya taaluma wiki matokeo yanapobandikwa, asingoje dirisha la udahili lifunguliwe.